Mursik ya Saa Nne na Valvu ya Boila

Hebu nikuulize: umewahi kupewa kitu kwa mapenzi, kila siku ya Mungu, kitu ambacho hata kukinusa hutaki, na wewe ukasema asante, tamu sana? Kama hujawahi, kaa umsikilize Ouko. Na kama umewahi, kaa pia, upate mwenzako.

Ouko alikuwa mtu wa boila katika kiwanda kidogo cha majani chai, pale Boito, kwenye vilima vya Konoin. Alitoka upande wa ziwa miaka saba iliyopita, na begi moja na cheti cha boila ndani ya bahasha ya kaki. Mtu mrefu, mpole, wa kupiga pasi hata ovaroli. Kazi yake ilikuwa kulisha moto kuni za mikaratusi, kuchunga mvuke wa kukausha majani, na kuhakikisha maji moto yanafika jikoni kwenye kantini.

Jiko hilo la kantini lilikuwa na mwenyewe, naye ni Rodah, Mama Kiplimo. Mama mnene, wa kicheko cha karibu, aliyejua nani amekula na nani amesema tu amekula. Siku ya kwanza Ouko alipoingia kazini, Mama Kiplimo alimtazama mikono, akamtazama shingo, akasema, "Huyu mtu hajalishwa." Saa nne kamili akamletea kikombe cha mursik.

Mursik ni maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani na mkaa wa mti wa senetwet, mpaka yanakuwa mazito na machachu, na rangi inaelekea majivu. Kwa watu wa Boito, kumpa mgeni mursik ni kumwambia umekuwa wetu. Ouko naye alikuwa amelelewa kwa samaki na chai ya strungi, ile isiyoguswa na maziwa. Alimeza funda moja. Macho yakamtoka machozi. Akaangalia, akaona kantini nzima imeacha kutafuna, inamngoja yeye.

"Mama," akasema, "ladha hii haiwezi kusahaulika."

Na hakudanganya. Lakini akina mama walipiga makofi, na tangu siku hiyo kikombe cha saa nne kikawa chake.

Alijaribu kutoroka, usifikiri hakujaribu. Alisema tumbo linamsumbua. Mama Kiplimo akasema mursik ndiyo dawa ya tumbo, akaongeza. Alisema kanisani kwao wanafunga; kesho yake akaletewa vikombe viwili, cha leo na cha jana. Mara moja alijificha nyuma ya rundo la kuni, akasikia sauti ikimwita kwa jina la binti yake, kwa upole kama ya mtu anayetafuta ndama, "Baba Quinter! Baba Quinter we! Yako inapoa!" Kana kwamba mursik hupoa. Akatoka na maganda ya mikaratusi kichwani, akapokea, akasema asante.

Ndipo siku moja jicho lake likaangukia faneli.

Hapa nieleze polepole, maana hapa ndipo kisa chote kinakaa. Bomba la maji moto la kwenda jikoni lilipita nyuma ya stoo ya kuni. Sasa kuni zikishika moto, bomba litapikwa, maji ndani yatachemka na kutanuka, na kama hayana pa kutokea, bomba litapasuka na kuchoma watu walio karibu. Kwa hiyo walifunga pale valvu ya usalama. Ni kitu kidogo, ukubwa wa chupa ya soda, cha shaba. Ndani kuna springi inayosikia presha, na kijiti kinachosikia joto. Kimoja kikizidiwa, presha au joto, valvu inajifungua yenyewe bila kuuliza mtu, inatoa maji, hatari inapita, inajifunga tena. Haitaki stima, haihitaji mtu akimbie. Na juu yake kuna mkono mdogo wa chuma, ukiuinua unaifungua kwa lazima, ujue kama bado ina akili.

Maji yakitoka kwenye valvu, yanaanguka ndani ya faneli ya chuma, halafu yanaingia bomba lingine lenye kona moja, linatoboa ukuta na kumwaga nje karibu na mtaro. Kati ya mdomo wa valvu na faneli waliacha pengo la upana wa vidole viwili. Pengo hilo liliachwa makusudi, mtu apite aone kama inadondosha.

Ouko hakuona valvu wala usalama siku hiyo. Aliona mdomo ulio wazi, usiosema tamu wala chungu. Akaangalia mlangoni. Akamimina.

Mama Kiplimo aliporudi kuchukua kikombe, akakigeuza juu chini. "Hata tone halikubaki! Baba Quinter, wewe ni mtoto wa hapa sasa." Na juma lililofuata kikombe kikawa kopo la nusu lita.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Saa nne mursik inaingia mlangoni, saa nne na dakika tatu inaingia kwenye faneli. Nje ya ukuta, paka watatu wa kiwanda walikuwa wanakaa kwenye mtaro kama watu wa kanisa, wakiangalia bomba. Meneja, Bwana Weldon, alikuwa akilalamika kwamba panya wanatafuna magunia na paka wamelala, wamenona. Ouko alisikia, akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Basi mwaka huu, baada ya mvua ndefu, Weldon akaja boilani na karatasi mkononi.

"Mzee Ouko, kesho Alhamisi mkaguzi anakuja. Madam Nelvine. Huyo hanywi soda ya mtu. Ataangalia boila, mabomba, na kila valvu ya usalama."

"Atakuta kila kitu sawa, Bwana Weldon."

"Akute. Valvu moja ikianguka, boila inafungwa, majani ya wakulima yanaozea kwenye sakafu. Na ikifungwa kwa makosa ya mtu, huyo mtu mimi namtoa hapa, aende akasukume mikokoteni ya majani mabichi. Cheti kisibaki hata cha kufungia sukuma wiki."

Ouko alicheka kidogo, kwa heshima. Lakini alipobaki peke yake alikumbuka jambo: paka. Ilikuwa siku ya pili hajawaona mtaroni. Walikuwa wameanza kukamata panya.

Akasogea kwenye valvu, akainua ule mkono kidogo tu. Maji moto yakashuka, yakajaa kwenye faneli, yakakaa. Yalikaa kama wageni waliokaribishwa. Hayakwenda popote. Yakaanza kumwagika pembeni, yakamlowesha viatu.

Mursik ya miaka saba, na joto la bomba, na mkaa wa senetwet, vyote vilikuwa vimeshikana pale kwenye kona na kuwa jiwe.

Alijaribu waya. Alijaribu fimbo ya mwavuli. Alitia maji moto na sabuni ya unga, povu likarudi juu likamwangalia. Kufungua ile kona kulihitaji kukata bomba, na kukata bomba kulihitaji kumwambia Weldon, na Weldon angeuliza ni kitu gani kimeziba.

Saa ya chakula alirudi nyumbani kwenye laini za nyumba za wafanyakazi, akamweleza mkewe Celine. Celine alikuwa anachambua mboga ya osuga. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka ungo chini ili acheke vizuri.

"Yawa! Baba Quinter, umenywesha bomba maziwa miaka saba? Mimi hapa nanunua ya pakiti!"

"Celine, si mambo ya kucheka. Kesho natolewa boilani."

"Si umwambie Mama Kiplimo tu, hupendi?"

"Nimwambie leo? Siku ya kwanza ningeweza. Siku ya pili labda. Mtu utamwambiaje baada ya miaka saba? Nitaanza na neno gani?"

"Anza na pole."

"Yule mama aliniuguza nikiwa na malaria. Alimsimamia Quinter siku ya ubatizo. Wewe unataka nimwambie maziwa yake nilikuwa namwagia paka?"

Celine akafuta macho. "Basi nenda ukasukume mkokoteni, bwana yangu. Ukifika hapa jioni nitakukanda mgongo."

Ouko hakula akashiba. Alirudi kiwandani na akili ya mtu mwenye aibu, na hiyo ni akili mbaya kuliko kukosa akili. Alichukua tyubu ya baiskeli, akaikata utepe mrefu, akalizungushia lile pengo la vidole viwili kati ya valvu na faneli. Akaukaza mara sita, mara saba. Aliwaza hivi: maji yakikosa pa kumwagikia, yatasukuma ule uchafu utoke nje, na kama hayatausukuma, angalau hayatamwagika sakafuni mbele ya mkaguzi. Moyo ulimwambia kwamba anafanya jambo ambalo alifundishwa shuleni asilifanye kamwe. Akauambia moyo nyamaza, ni kesho tu. Halafu akatundika koti lake pale juu, lililopigwa pasi.

Alhamisi Madam Nelvine akafika. Mwanamke mfupi, buti kubwa, tochi kwenye mkanda, na macho ya kupita ndani ya rangi mpaka kwenye kutu. Aliikagua boila kuanzia mlango wa moto mpaka geji, akatikisa kichwa kwa kukubali. Ouko akaanza kupumua.

"Sasa laini ya maji moto ya jikoni," akasema Nelvine. "Nataka kwanza nione maji ya valvu yanatokea wapi. Bwana Weldon, twende nje. Fundi, wewe baki ndani. Nikikuambia inua, uinue mkono wa valvu mpaka mwisho."

Nje, alichora mstari kwa chaki, mbali na mdomo wa bomba. "Hakuna mtu kuvuka hapa. Maji haya yanaunguza." Wachuma chai waliokuwa wanapima majani wakasimama kutazama, maana sinema haiji Boito kila siku. Mbele ya ule mdomo, ng'ambo ya mtaro, kulikuwa na kibao kikubwa cheupe, USALAMA KWANZA, ambacho Weldon alikuwa amekipaka rangi upya jana yake.

Na ilikuwa saa nne. Mama Kiplimo alikuwa anakuja na kopo lake, limefunikwa na kisahani.

"Inua!" akaita Nelvine.

Ouko akatoa koti, akainua. Valvu ikanguruma. Utepe wa tyubu ukavimba kama koo la chura. Bomba likatetemeka ukutani.

Nje hakukutoka hata jasho.

"Fundi, umeinua?"

"Nimeinua, madam!"

"Inua mpaka mwisho!"

Ouko akafumba macho, akaomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kijaluo, na kwa kuwa alikuwa na shida kweli, akaongeza na neno moja la Kipsigis alilolijua, *kongoi*, asante, ashukuru mapema. Akainua mpaka mwisho.

PWAA!

Kitu cheusi, ukubwa wa ngumi ya mtoto, kilitoka ukutani kama jiwe la kombeo, kikapita juu ya mtaro, kikagonga kibao katikati, kikanata hapo hapo juu ya neno KWANZA. Nyuma yake maji yakafuata, ya kijivu, yenye mabonge, yakiruka na kukoroma. Na nyuma ya maji ikaja harufu. Siwezi kukuandikia ile harufu. Nitasema tu kwamba wachuma chai waliobeba vikapu mgongoni walivitua.

Kisha paka wakaja. Wote watatu, mikia juu, mbio, wakasimama kwenye mstari wa chaki wakingoja ipoe.

"Hii ni nini?" akauliza Nelvine, kitambaa puani.

Weldon akakohoa. "Nafikiri ni chokaa, madam. Maji yetu yana chokaa."

"Ndiyo!" akaita Ouko kutoka ndani, haraka mno. "Chokaa! Chokaa tupu!"

Lakini Mama Kiplimo alikuwa amefika kwenye kibao. Aliweka kopo chini. Akainama, akanusa. Akachukua kijiti, akachokoa lile bonge, akanusa tena, taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Hii si chokaa," akasema. "Huu ni mkaa wa senetwet. Na si senetwet ya mtu mwingine. Huu ni wa kibuyu changu cha shingo ndefu, kile ambacho nakisugua mara mbili." Akainua macho, akaangalia ule mdomo wa bomba. Akawaangalia paka. Akaokota kopo lake.

Nelvine alikuwa ameshaingia ndani. Alimkuta Ouko amesimama mbele ya valvu, mikono nyuma. Akamsogeza kwa kidole kimoja. Akaona utepe wa tyubu.

"Nani alifunga hapa?"

"Ni mimi, madam."

"Unajua pengo hili ni la nini?"

"Najua. La kuona kama valvu inadondosha. Na maji yasikose pa kutokea kama bomba la chini limeziba."

"Unajua, na ukafunga." Hakupandisha sauti, na hiyo ilimchoma Ouko zaidi. "Kuni zingeshika moto usiku wa jana, na bomba limeziba, na wewe umeziba hapa tena, valvu ingefungukia wapi? Kuna watu wanalala upande ule wa ukuta."

Ouko akaangalia chini. Kicheko chote cha kisa hiki kilimtoka. Watu wa zamu hulala pale, na mmoja wao alikuwa Kiplimo, mtoto wa yule mama.

Nelvine akakata utepe kwa kisu. "Sikiliza, fundi. Boila yako ni safi. Umeichunga vizuri kuliko wengi. Bomba linaweza kukatwa, likasafishwa, nikalijaribu tena mchana. Lakini siweki sahihi mpaka nijue uchafu huu ulitoka wapi. Nikijua umetoka wapi, nitajua kama utarudi. Nisipojua, nafunga."

Mlangoni walikuwa wamesimama Weldon na Mama Kiplimo. Kopo la nusu lita lilikuwa mkononi mwa mama, bado limefunikwa.

Ouko akawaza mkokoteni. Akawaza cheti kwenye bahasha ya kaki. Kisha akamwangalia Mama Kiplimo, na akaona kwamba mkokoteni ulikuwa mwepesi kuliko uso ule.

"Ni mimi," akasema. "Pole, Mama Kiplimo. Ni mursik yako. Nilikuwa namimina hapo."

"Leo?"

"Si leo tu."

"Wiki hii?"

"Miaka saba, mama. Isipokuwa vile vikombe vya siku za kwanza."

Weldon aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

"Miaka saba," akasema Mama Kiplimo. "Mimi natoka nyumbani alfajiri na kibuyu kichwani. Kiplimo, mtoto wa tumbo langu, anataka, namwambia usiguse, hiyo ni ya Baba Quinter, hajalishwa. Kumbe nanyonyesha bomba!"

"Pole, mama."

"Ndiyo maana hunenepi! Nilikuwa nafikiri una minyoo! Nilikuombea wewe kanisani, mbele ya watu, kwa jina!"

"Nilisikia, mama. Asante."

"Usiniambie asante! Asante yako ndiyo imetufikisha hapa!" Akamgeukia mkaguzi. "Andika, madam. Andika kwamba bomba la kiwanda hiki limeshiba kuliko watu." Halafu, bila kutaka, kile kicheko chake cha karibu kikamponyoka. Alijaribu kukirudisha, akashindwa, akashika mlango. "Na paka! Yesu wangu, na paka!"

Nelvine alikuwa anaandika kweli. Weldon akachungulia juu ya bega lake na kusoma kwa sauti: "Chanzo cha kuziba: maziwa ya kuchacha. Fundi amekiri. Apewe onyo la maandishi kwa kufunga pengo. Bomba likatwe, lisafishwe, lijaribiwe."

"Na mkokoteni?" akauliza Ouko.

Weldon akatikisa kichwa. "Ungenificha, ungesukuma mpaka Krismasi. Chukua msumeno, ukate bomba lako."

Alikata. Alichokoa na kusugua kona mpaka ikang'aa, akaifunga upya, na saa nane mchana akainua mkono wa valvu mbele ya watu wote. Maji yakashuka kwenye faneli, yakaonekana yakipita, yakatoka nje meupe, yakaingia mtaroni. Paka walikuja, wakanusa, wakaondoka wameudhika. Nelvine akatia sahihi.

Kesho yake, saa nne, Mama Kiplimo akaingia boilani kama kawaida. Mkononi alikuwa na kikombe, kile kidogo cha siku ya kwanza. Akakiweka juu ya meza mbele ya Ouko. Kilikuwa kitupu.

"Mursik imepata mwenyewe," akasema. "Kiplimo amekunywa lita nzima leo, amepiga mbweu mpaka jirani akauliza. Sasa wewe. Usiniambie tamu. Usiniambie haisahauliki. Nimepika hapa miaka yote na sijui mtu huyu anataka nini. Sema."

Ouko akaangalia nje ya mlango. Chai ilikuwa imefunika kilima hiki na kile cha ng'ambo, mpaka Konoin yote ilikuwa kijani kimoja. Nyuma yake mashine zilikuwa zinaikausha kwa magunia na magunia. Miaka saba alikuwa ameivuta harufu yake puani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Strungi, Mama Kiplimo," akasema. "Strungi moto, bila tone la maziwa. Sukari kijiko kimoja."